Umati unaitikia, lakini nani anajibu?

*Ukanda wa Ziwa Victoria umezaa wasemaji wanaotajwa Afrika nzima. Kinachokosekana ni majukwaa yaliyojengwa ili yajibiwe.*

Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 1969 umati ulijaa mbele ya hospitali mpya ya Kisumu. Ilikuwa imejengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na ndiyo sababu hadi leo wenyeji wanaiita "Russia", ingawa sasa jina lake rasmi ni la Jaramogi Oginga Odinga. Rais Jomo Kenyatta alikuwa amekuja kuifungua. Jaramogi, aliyekuwa makamu wake hadi 1966 na ambaye sasa aliongoza chama cha upinzani cha KPU, naye alikuwepo. Miezi mitatu na ushei nyuma, tarehe 5 Julai, waziri Tom Mboya alikuwa amepigwa risasi na kufa jijini Nairobi, na msiba huo ulikuwa bado mbichi. Watu wakapaza kauli za KPU. Rais akawajia juu kwa Kiswahili, akimshambulia Jaramogi na chama chake mbele ya wafuasi wake. Mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Makadirio mengine yako juu sana ya hapo. Kabla mwezi haujaisha Jaramogi alikuwa kizuizini na KPU imepigwa marufuku.

Wanahistoria huieleza siku hiyo kwa siasa zake: uhasama wa 1966, mivutano ya Vita Baridi, mauaji ya Mboya. Wana haki. Lakini inafaa pia kuitazama kama siku ya mawasiliano, kwa sababu karibu kila kitu ambacho vitabu vya mawasiliano hukitaja kilikuwa pale. Msemaji alikuwa mmoja wa mafundi wa hotuba wa kizazi chake. Ujumbe ulikuwepo, vyombo vya kuufikisha vilikuwepo, na hadhira ilikuwa imekuja yenyewe kwa maelfu. Kilichokosekana ni njia ya uchungu wa watu kupanda jukwaani ukiwa katika sura ya swali. Asiyepewa nafasi ya kuuliza hupiga kelele, na aliye juu akisikia kelele hudhani ametukanwa. Kutoka hapo kila upande unapaza sauti kuliko mwenzake mpaka maneno yanaisha.

Zaidi ya nusu karne baadaye, majukwaa mengi ya ukanda huu bado yana umbo lilelile. Hatuna upungufu wa wasemaji. Tatizo ni kwamba tumeufanya ustadi wa kuzungumza hadharani kuwa ustadi wa mdomo peke yake, tukaufundisha hivyo shuleni, tukauendesha hivyo katika vikao vya kaunti na mikutano ya hadhara, kisha tukashangaa kwa nini watu waliohutubiwa mchana kutwa wanarudi nyumbani wakisema hawakuambiwa kitu.

Hema, viti na kipaza sauti kimoja

Kikao cha ushirikishaji wa umma katika kaunti za ziwani, kuanzia Busia hadi Migori, kina sura ambayo mkazi yeyote ataitambua. Hema limesimamishwa katika uwanja wa shule au karibu na ofisi ya chifu. Mbele kuna meza yenye kitambaa na chupa za maji, nyuma yake wamekaa maafisa, na viti vya plastiki vya wananchi vimeelekezwa upande mmoja kama vya kanisani. Kuna maombi, kuna utambulisho, kisha itifaki, ambapo kila mgeni hutaja vyeo vya wageni wenzake mmoja baada ya mwingine. Makadirio ya bajeti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, hufupishwa kwa haraka. Zamu ya wananchi inapofika jua limekwisha pinda, na kipaza sauti kinapita mbiombio: taja jina, taja kijiji, dakika mbili. Maoni yanaandikwa. Watu wanatia saini orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo ndiyo itakayoonyeshwa baadaye kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Sheria haikukusudia orodha ya saini. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kwamba wananchi wapate habari kwa wakati. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Kaunti ya Kiambu, iliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba haitoshi kuweka ujumbe mtandaoni na kumwachia anayejali autafute mwenyewe. Kaunti inapaswa kuwafuata watu makanisani, misikitini, barazani na kwenye redio za lugha zao. Kesi ilikuwa ya Kiambu, lakini somo lake lilisafiri hadi kila makao makuu ya kaunti nchini.

Ila hata hukumu hiyo njema, kwa jinsi inavyotekelezwa, imeishia nusu ya safari. Kaunti zimejifunza kutangaza zaidi. Mwaliko unasomwa redioni, tangazo linabandikwa, gari lenye vipaza sauti linapita katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Yote hayo ni kwenda. Kurudi, yaani mwananchi kujua alichokisema kilifika wapi na kwa nini kilikubaliwa au kukataliwa, ndiko kunakopungua.

> Asiyepewa nafasi ya kuuliza hupiga kelele, na aliye juu akisikia kelele hudhani ametukanwa.

Kuitikia na kujibu

Mwaka 1948 mhandisi Mmarekani Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za simu za Bell, alichora mchoro ambao bado unafundishwa katika darasa la kwanza la mawasiliano popote duniani. Una mtumaji, ujumbe, njia, kelele zinazoingilia, na mpokeaji. Mshale unaenda upande mmoja. Shannon alikuwa na shida ya simu: alitaka ishara iingie katika waya na itoke upande wa pili bila kuharibika, na kwa kazi hiyo mshale mmoja ulitosha. Walioutumia mchoro huo kueleza mazungumzo ya watu waliona upesi kwamba haukamiliki. Wilbur Schramm, katika miaka ya 1950, aliukunja ukawa duara, kwa kuwa kila mpokeaji ni mtumaji pia, na neno halijatimiza kazi yake mpaka msemaji ajue limepokewaje. Kile kinachorudi ndicho tunachokiita mrejesho.

Katika Kiswahili tuna tofauti ambayo ingetusaidia kama tungeizingatia. Kuitikia ni jambo moja, kujibu ni jingine. Katika wimbo, anayeanzisha anajua tayari waitikiaji watasema nini. Kiitikio kimekwisha pangwa, na uzuri wake uko katika kutobadilika. Jibu halijulikani mpaka litoke. Linaweza kukubali, kukataa, kurekebisha au kuuliza zaidi, na aliyesema lazima asubiri. Jukwaa la kisiasa la ukanda huu limefikia kilele cha ustadi katika kuitikiwa. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 2025, alikuwa bingwa wa jambo hili. Alikuwa akisema "Kitendawili!" na maelfu ya watu wakanguruma "Tega!", akatangaza siasa kama mchezo wa kandanda, mpira ukipita kutoka kwa mwanasiasa mmoja hadi mwingine, na uwanja mzima ukaucheza pamoja naye. Hakuna aliyewahi kusinzia. Ulikuwa ufundi halisi, uliowafanya watu wa kawaida wajione wamo ndani ya mambo ya taifa.

Lakini kitendawili cha jukwaani si kile cha nyumbani usiku. Katika kitendawili cha nyumbani mtegaji anabahatisha. Huenda mtoto wa mwisho akakitegua, na wote wakishindwa, mtegaji hatoi jibu mpaka apewe mji. Pande zote mbili zina kitu cha kupoteza. Kitendawili cha mkutano wa hadhara kina mteguaji mmoja, naye ndiye mtegaji. Umati umeshiriki kwa sauti, ila haukuwa na uwezo wa kubadili neno hata moja la kilichofuata. Shangwe humwambia msemaji kwamba anapendwa. Haimwambii kama ameeleweka.

Urithi wa duol na pakruok

Wapo watakaosema kwamba huu ni ukosoaji wa kuletwa, unaopima utamaduni wa ziwani kwa mizani ya vyuo vya kigeni. Ushahidi wa utamaduni wenyewe unasema vingine. Katika boma la Wajaluo, wanaume walikaa katika duol ya mwenye boma, wakaota moto na kujadili mashauri, na shauri lilizungushwa mpaka likapata pa kutua. Watoto walijifunza katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambako sigana (ngano), methali na vitendawili vilifundishwa kwa kubadilishana: unasikia leo, kesho unasimulia, na wenzako wanakusahihisha. Aliyekua katika nyumba hizo alijua kwamba kusema ni zamu, nayo zamu huisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pakruok. Mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi nane, anapocheza, msikilizaji anaweza kusimama, kutoa pesa na kuusimamisha muziki ili ajisifu mwenyewe, awasifu marafiki na jamaa zake, kisha muziki uendelee. Mtu asiyeizoea sherehe hii ataona fujo. Kwa hakika ni kanuni: hadhira ina haki ya kumkatiza fundi, na fundi analijua hilo kabla hajaishika nyatiti. Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Haki hiyo inalipiwa, na mwenye mfuko mzito husimama mara nyingi kuliko mwingine. Udhaifu huo tumeurithi mzima mzima kwenye mazishi na harambee, ambako kipaza sauti humfuata mwenye bahasha, na familia iliyofiwa husubiri wanasiasa wamalizane ndipo imzike mtu wake. Tulichokiacha njiani ni ile sehemu iliyo bora, kwamba anayesikiliza anaweza kusema "ngoja".

Vipi kuhusu wasemaji wakuu?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaoikumbuka historia. Harakati haziendeshwi kwa maswali na majibu, watasema. Zinaendeshwa na sauti zinazowasha mioyo, na bila wasemaji wa aina hiyo Afrika isingeupata uhuru ilipoupata. Watamtaja Mboya, mwana wa familia ya kisiwa cha Rusinga, aliyeuongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima jijini Accra Desemba 1958 akiwa na umri wa miaka 28. Pale aliligeuza lengo la mkutano wa Berlin wa 1884, akayaambia mataifa yaliyokuja kuigombania Afrika kwamba sasa wakati wao wa kuondoka umefika. Hotuba ya namna hiyo haingoji mtu anyooshe mkono.

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Upo wakati wa hamasa, na mkutano wa hamasa usilaumiwe kwa kutokuwa semina. Lakini Mboya ndiye anayethibitisha kwamba hamasa peke yake haikutosha hata kwa bingwa wake. Alizaliwa 1930 katika shamba la mkonge Kilima Mbogo, akasoma Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u, na akakua akizungumza Kikamba, Kikuyu, Kiswahili, Dholuo na Kiingereza. Hiyo ilimpa kitu cha thamani kuliko sauti nzuri: aliweza kuwasikia watu katika lugha waliyolalamikia. Shule yake halisi ya mawasiliano ilikuwa vyama vya wafanyakazi. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, alikwenda huko kama katibu wa shirikisho la vyama, akasimama kati yao na waajiri, akabeba madai upande huu na majibu upande ule hadi wakapata nyongeza ya mshahara. Kiongozi wa wafanyakazi akirudi mikono mitupu bila maelezo, hapati mkutano wa pili. Nidhamu hiyo ya kurudi na jibu ndiyo iliyozipa uzito hotuba zake, maana wasikilizaji walijua anayesema amekuwa akisikia.

Aristotle, aliyeandika juu ya ufundi wa hotuba zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema hotuba ina pande tatu: msemaji, jambo linalosemwa na msikilizaji, na kwamba ni huyu wa tatu anayeamua hotuba ni ya aina gani na imelenga nini. Watu wengi wanamkumbuka kwa yale mambo matatu yanayoshawishi, yaani tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na mantiki ya hoja. Wanasahau kwamba alitumia kurasa nyingi sana kueleza hasira, hofu, aibu na huruma: watu hukasirikia nini, huwakasirikia akina nani, wakiwa katika hali gani. Aliyeyajua hayo asingepanda jukwaani Kisumu Oktoba 1969 bila kuanza na msiba wa Mboya.

Kuna pia wale wanaoamini kwamba siri iko katika mwili: simama wima, tazama watu machoni, tumia mikono. Warsha nyingi huwaambia washiriki kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38 na uso na mwili 55. Tarakimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya miaka ya 1960, yaliyohusu jinsi mtu anavyotambua hisia pale ambapo neno na sauti au uso vinapingana, na Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hazihusu mazungumzo ya kila aina. Hakuna mkao wa mwili unaoweza kueleza bajeti ya maji. Mwili una nguvu pale unapotenda kile ambacho mdomo unakiomba. Agosti 2006, Nyanza ikiwa eneo lililoumizwa na virusi vya ukimwi kuliko mengine nchini, Seneta Barack Obama na mkewe Michelle walipimwa hadharani mjini Kisumu, umati ukiwatazama. Kitendo hicho kilifika mbali kwa kuwa kiliijibu hofu ambayo watu walikuwa nayo tayari.

> Shangwe humwambia msemaji kwamba anapendwa. Haimwambii kama ameeleweka.

Neno linapookoa mtu majini

Anayedhani haya ni mambo ya adabu za vikao na aelekee ufuoni Dunga, Kisumu, jioni isiyo na mwezi, mitumbwi ya omena inapotoka na taa zake. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya milima ya Nandi na Kericho, ambako mvua ya mawe ya alasiri ni jambo la kawaida. Usiku mambo hugeuka: hewa ya nchi kavu hupoa, hushuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na dhoruba huzuka majini kati ya usiku wa manane na alfajiri. Hizo ndizo saa za mvuvi wa omena. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka, wengi wao kwa mawimbi na hali mbaya ya hewa.

Sasa fikiria utabiri usemao kwamba kesho kutakuwa na mvua katika maeneo machache. Kwa mtaalamu ni sentensi sahihi. Kwa mvuvi ni sawa na kimya. Anachotaka kujua ni upepo una kasi gani, mawimbi yatafika kimo gani, sehemu ipi ya ziwa, saa ngapi za usiku. Mradi uliopewa jina la HIGHWAY, ulioanza 2017 ukiziunganisha idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulichukua njia ya kuwauliza wavuvi wenyewe wanahitaji utabiri wa namna gani. Taarifa zikaanza kugawanywa kwa maeneo ya ziwa na kwa nyakati za siku, zikitaja upepo na mawimbi, na kutangazwa kwa lugha za wenyeji. Mitambo bora ilisaidia, bila shaka. Lakini mtambo hauwezi kujua kwamba neno "kesho" halimfai mtu anayeondoka leo jioni. Hilo lilihitaji mtu wa utabiri anyamaze na mvuvi aseme.

Ndiyo maana redio zinazopokea simu za wasikilizaji zina nafasi ya pekee katika ukanda huu. Ramogi FM ina wasikilizaji wengi, na Radio Lake Victoria ilianzishwa na shirika la OSIENALA kwa ajili ya jamii za ziwani. Mtu wa ufuoni aliyenyimwa kipaza sauti cha hemani anaweza kupiga simu. Upungufu uliobaki ni kwamba mara nyingi afisa anayelalamikiwa hayupo studioni, na swali linabaki hewani.

Muda, fujo na lugha

Maafisa wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Wanasema muda hautoshi: kaunti ina wadi nyingi, na kila mtu akijibiwa, bajeti haitapita. Kalenda ya sheria inawapinga. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi miwili. Karatasi moja kwa kila wadi, inayotaja mlichoomba, kilichoingia, kilichoachwa na sababu yake, inaandikika katika muda huo na kubandikwa ukutani kwa chifu, sokoni na ufuoni. Hata nusu saa ya itifaki ikigeuzwa kuwa nusu saa ya kusoma majibu ya kikao kilichopita, sura ya mkutano mzima itabadilika.

Utetezi wa pili ni kwamba wananchi hawaelewi mambo ya kitaalamu, na wengine huja kwa ajili ya nauli au wamelipwa kuzomea. Wazomeaji wa kulipwa wapo. Ila mzomeaji hustawi mahali ambapo swali halina foleni. Anapokodiwa, anakodiwa kujaza pengo lililoachwa na mwenye kikao. Na kuhusu utaalamu, hebu tazama vikundi vya usimamizi wa fukwe, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, ambavyo mikutano yake huwaleta pamoja wenye vyombo, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Vina magomvi yake, tena mengi. Hata hivyo watu hawa hujadili nyavu, ada na misimu ya kuvua kwa kina ambacho afisa mgeni angekistaajabia, na mweka hazina huulizwa maswali na watu atakaokutana nao kesho asubuhi kwenye mzani. Wanaelewa tarakimu kwa sababu wana mamlaka ya kuziuliza.

Kisha kuna lugha. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tena inalitaka taifa lilinde na kukuza lugha za wenyeji. Kisumu ni mji wa Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wanubi, Wahindi na wengine wengi, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, wakati ufuoni Dunga au Usenge shauri zito litazungumzwa kwa Dholuo. Kikao kinachotumia waraka wa Kiingereza, hotuba ya Kiswahili na utani wa Dholuo kinaweza kufurahisha wote na kumwelewesha mmoja. Kinachotakiwa ni mkalimani aliyeandaliwa kama vile hema linavyoandaliwa, na muhtasari ulioandikwa kwa lugha ambayo msomaji ataulizia swali lake.

Darasani

Mizizi ya tabia hii iko shuleni. Mtaala mpya, katika mwongozo wake wa 2017, umeyaweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi wa kila mwanafunzi, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini vizazi vilivyotangulia, vilivyomo ofisini na bungeni leo, vilipimwa stadi za kuzungumza katika mtihani wa Kiingereza wa KCSE kwa kalamu na karatasi: mtahiniwa huandika angefanya nini kama angekuwa anasikiliza. Fasihi simulizi nayo, iliyozaliwa katika siwindhe, hutahiniwa ukumbi mzima ukiwa kimya. Vyuoni, stadi za mawasiliano ni somo la lazima la mwaka wa kwanza, na katika kumbi za mamia ya wanafunzi, mhadhiri anazungumza na wengine wananakili. Mwanafunzi mmoja mmoja hung'ara katika tamasha za muziki na maigizo, na ukanda wa ziwa una sifa kubwa huko. Ila shairi la tamasha pia halikatizwi na mtu. Tunawafundisha vijana kusimama mbele ya watu. Zoezi la kusimama, kuulizwa swali gumu, kulirudia swali hilo kwa usahihi mpaka muulizaji akubali kwamba ndilo, kisha kulijibu, ni nadra.

Ustadi huo utahitajika karibuni. Wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, walipinga vikali mpango wa kinu cha nyuklia mwaka 2024, wakilalamika miongoni mwa mengine kwamba hawakushirikishwa, na mwaka 2025 viongozi wa serikali wakaanza kuitaja Siaya kuwa mahali pa kukijenga. Mahema yatasimamishwa. Watakuja wasemaji hodari wa kuunga mkono na wengine hodari wa kupinga, na kila upande utashangiliwa na watu wake. Katikati ya viti vya plastiki atakuwepo mwanamke anayekausha omena, ambaye atataka kujua maji yaliyopoza kinu yatarudishwa ziwani yakiwa na joto kiasi gani, upande gani wa ufuo, na ngege watazalia wapi. Swali hilo lina jibu la kitaalamu, na linachukua zaidi ya dakika mbili.